Ubongo wa Kijana Balehe na Mvuto wa Tuzo

"Daktari, mwanangu ana akili darasani, mbona hela ya nauli anaitia kwenye mashine ya kamari?" Swali hilo la mama mmoja wa Makole, Dodoma, halijibiwi kwa lawama.

Wakati wa balehe, sehemu ya ndani ya ubongo inayopokea tuzo kwa kemikali iitwayo dopamini huchangamka kuliko utotoni, hasa marafiki wanapotazama. Sehemu ya mbele, inayopima madhara na kuzuia pupa, hukomaa polepole hadi takriban miaka 25. Kwa hiyo ushindi mdogo, usiotabirika, humnasa kijana kwa urahisi. Ndiyo maana katazo la kisheria la kamari kwa walio chini ya miaka 18 lina msingi wa kitabibu pia.

Mhudumu wa afya, zungumza naye faragha. Onyo la madhara ya mbali humgusa kidogo. Mzazi, mpunguzie fedha mkononi na umsifu papo hapo anapofanya vema: ubongo uleule unaonaswa na mashine hujifunza upesi kwa sifa, michezo na stadi mpya. Akianza kukopa, kuiba au kutoroka shule, mlete kituo cha afya mapema.