Hisani ya Wakala Hewa



Mama mmoja wa jamii yetu hapa Uingereza alitujia na barua mkononi. "Mwalimu," alisema, "hebu nisomee vizuri, huenda Kiingereza changu ndicho kinachonidanganya." Kiingereza chake hakikumdanganya. Barua ilieleza kwamba leseni ya mwanawe, aliyefaulu mtihani wa udereva miezi tisa tu kabla ya hapo, imefutwa. Kijana alikuwa amesimamishwa na polisi, akatoa hati ya bima yenye nembo na namba, nayo ikaonekana kuwa ni karatasi tupu. Aliyemuuzia ni mtu tunayepeana naye mikono kila Ijumaa.

Udanganyifu wa bima una aina nyingi. Yupo achomaye duka lake mwenyewe, na yupo aongezaye mikufu ya dhahabu katika orodha ya vitu vilivyoibwa. Hao hatuna haja ya kuwaeleza kwa urefu, kwa kuwa wanajua wafanyalo. Tunaowahofia zaidi ni wale wanaotumbukia wakidhani wamefanyiwa hisani.

Tuanze na huyo tutakayemwita wakala hewa. Hana ofisi, hupatikana kwa simu, na sifa zake huletwa na binamu wa rafiki. Bima ya kijana wa miaka 18 huweza kukaribia, na pengine kupita, thamani ya gari lenyewe, kwa hiyo bei ya chini huonekana kama rehema. Mara nyingine wakala hughushi hati yote. Mara nyingine hukata bima ya kweli katika kampuni ya kweli, lakini hubadilisha maelezo: kijana wa mjini hugeuzwa mtu mzima wa kijijini mwenye miaka kumi bila ajali. Njia ya tatu ndiyo ya hila kuliko zote. Hukata bima sahihi, akakuonyesha hati, kisha akaivunja ndani ya siku 14 ambazo sheria humruhusu mnunuzi kubadili nia. Fedha hurudishwa kwake, nawe unaendelea kuendesha ukiamini umekingwa.

Sheria ya hapa, tangu mwaka 1930, humtaka kila mwendeshaji awe na bima ya kuwalipa atakaowadhuru barabarani. Haiulizi kama ulidanganywa. Kamera za polisi husoma namba ya gari na kuilinganisha na orodha ya magari yenye bima, na jibu hupatikana hapo hapo. Adhabu ya kawaida ni pauni 300 na alama 6 katika leseni, na gari huweza kuchukuliwa. Kwa dereva mpya mambo ni mazito zaidi: sheria ya mwaka 1995 inasema kwamba atakayefikisha alama 6 ndani ya miaka miwili ya mwanzo hufutiwa leseni. Ndivyo ilivyomfika kijana wetu. Itambidi aombe tena leseni ya mwanafunzi na arudie mitihani yote miwili.

Hisani ya pili hutoka kwa wazazi wenyewe, nasi tunaiona katika nyumba za watu waadilifu kabisa. Baba hukata bima kwa jina lake kama dereva mkuu, na mtoto akaandikwa dereva wa ziada, ilhali gari hulala chuo kikuu na baba haliendeshi hata mara moja kwa mwezi. Kumwandikisha mtoto si kosa. Kosa ni kusema uongo juu ya nani dereva mkuu. Siku ya ajali kampuni huuliza, na ikithibitika kwamba baba alidanganya kwa makusudi, sheria ya mwaka 2012 huiruhusu kuuvunja mkataba na kubaki na fedha alizolipa. Gari lenu halitatengenezwa. Aliyegongwa atalipwa, kisha kampuni huweza kumdai baba fedha hizo. Na kila atakapoomba bima baadaye ataulizwa kama amewahi kuvunjiwa mkataba.

Kisha kuna ajali za kupangwa. Gari la mbele hufunga breki ghafla pasipo sababu, mara nyingine taa zake za breki zimezimwa makusudi, nawe unaligonga nyuma. Wa nyuma ndiye hulaumiwa kwa kawaida. Watu wanne hushuka wameshika shingo, na dereva wao, mtulivu mno, anayo maelezo yake tayari kwenye karatasi. Huu si mchezo wa fedha tu: Juni 2011 mwanamke aliuawa katika ajali ya namna hii kwenye barabara ya A40, karibu na High Wycombe. Likikukuta, piga picha, hesabu abiria, usikiri kosa, iarifu kampuni yako.

Hapa ndipo lilipo ombi dogo linalopita katika jamii yetu: "Niandikie jina lako tu, sema ulikuwa kiti cha nyuma." Anayekubali amejiingiza katika kosa ambalo sheria ya mwaka 2006 huliadhibu kwa kifungo cha hadi miaka 10. Naye anayengoja uraia akumbuke kwamba mwenendo wake hupimwa.

Tumesikia wakisema kwamba kampuni hizi ni tajiri, na kwamba wapo wanazuoni wenye shaka na bima yenyewe, basi kuzidanganya si kitu. Hoja hii hatuielewi. Mwenye shaka na mkataba hujiepusha nao kadiri awezavyo. Hautii saini kisha akaufanya mlango wa kuchukulia visivyo vyake.

Kabla ya kumlipa wakala yeyote, hata awe mjomba, tazameni kama jina lake limo katika daftari la Financial Conduct Authority. Baada ya kulipa, ulizeni kwa Motor Insurers' Bureau kama gari limo katika orodha. Kuangalia gari lako mwenyewe ni bure. Tazameni tena baada ya wiki tatu, kwa sababu ya zile siku 14. Na anayemjua wakala hewa anaweza kumripoti kwa Insurance Fraud Bureau bila kutaja jina lake mwenyewe.