Kusamehe na Kupatana kwa Ndugu



Wahenga walisema, "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune." Methali hii niliikariri shuleni kama ninyi, nikaieleza katika mtihani, nikapata alama zangu. Lakini maana yake sikuijua mpaka nilipokuwa mtu mzima, katika nyumba moja ya Kinanira, ambako kila Alhamisi jioni watu kumi hivi hukutana kusoma Biblia. Nataka kuwaeleza niliyojifunza huko, kwa kuwa naamini si mimi peke yangu niliye na ndugu asiyesalimiwa nyumbani.

Kwa wasioijua, Kinanira ni mtaa wa upande wa kusini wa Bujumbura, jirani na Musaga na Kinindo. Katika kikundi chetu wamo waliozaliwa mjini, wamo walioshuka kutoka milimani, na tumo sisi tuliorudi kutoka Tanzania, ambao Kirundi chetu kina harufu ya Kiswahili. Kwa hiyo kila sura twaisoma mara mbili, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na mara nyingi ni katika kusoma mara ya pili ndipo mtu huona jambo lililompita mara ya kwanza.

Kabla sijaeleza mafundisho yenyewe, sharti niwaambie ugomvi wa nyumbani kwetu, maana bila huo mafundisho yangebaki maneno matupu.

Mwaka 1972 nchi yetu ya Burundi ilipatwa na mauaji makubwa. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya laki moja, na wengine wengi wakakimbilia Tanzania, Zaire na Rwanda. Baba yangu alikuwa kijana wa miaka 18. Alivuka mpaka usiku pamoja na vijana wenzake, akafika Tanzania, na mwisho akapewa shamba katika makazi ya Ulyankulu, upande wa Tabora. Huko alioa, na huko ndiko tulikozaliwa sisi watoto wake. Nyuma yake, mlimani kwetu, alimwacha mama yake na mdogo wake wa miaka saba.

Baada ya mapatano ya amani ya Arusha ya Agosti 2000, wakimbizi walianza kurudi kwa maelfu. Sisi tulirudi mwaka 2008, nami nilikuwa na miaka 14. Tulimkuta baba mdogo akilima shamba lote la babu. Amejenga, amepanda kahawa na migomba, ana watoto wanaomtegemea. Baba akadai nusu. Baba mdogo akasema, "Nusu ya nini? Aliyelala njaa hapa ni mimi." Msishangae kwamba watu wa tumbo moja waligombana hivyo. Nchi yetu ndogo ina watu zaidi ya 400 kwa kila kilomita ya mraba, na ugomvi wa namna hii ulitokea katika milima mingi hata serikali ikaunda tume ya ardhi na mali nyingine mwaka 2006. Kwetu wazee waliketi, wakaligawa shamba katikati, na mpakani pakapandwa ua wa minyaa. Haki ikapatikana, amani haikupatikana. Kwa miaka 15 baba na mdogo wake walisali katika kanisa moja, kila mmoja upande wake, wasisalimiane. Nasi watoto tukaurithi ukimya ule kama watu wanavyorithi shamba.

Basi, Alhamisi moja tukaanza kusoma habari za Yusufu katika kitabu cha Mwanzo.

Fundisho la kwanza: kusamehe si kusahau. Yusufu aliuzwa na kaka zake akiwa na miaka 17, kwa vipande 20 vya fedha. Akawa mtumwa, akawa mfungwa, na alipofika miaka 30 akasimama mbele ya Farao akapewa ukubwa. Mtoto wake wa kwanza akamwita Manase, jina lenye maana ya kusahaulishwa, kwa kuwa alidhani taabu zake na nyumba ya baba yake vimekwisha kumtoka moyoni. Lakini kaka zake walipokuja Misri kununua nafaka, Yusufu alijitenga nao akalia. Alikuwa hajasahau neno hata moja. Hapo nilijiona mwenyewe. Nilikuwa nikisema kwamba mimi sina ugomvi na baba mdogo, nimekwisha kumsahau. Kumbe kila nikisikia jina lake chakula kilinishinda. Kidonda kilichofunikwa si kidonda kilichopona.

Kuna jambo jingine dogo hapo lililotuchekesha sisi tuliorudi. Yusufu alisema na kaka zake kwa mkalimani, nao wakazungumza mbele yake kwa lugha yao, wakidhani Mmisri huyu hasikii. Tuliporudi kutoka Ulyankulu watoto wa mlimani walitusema kwa Kirundi vivyo hivyo, wakatuita wageni, nasi twasikia yote. Tulicheka sana, kisha tukanyamaza, maana kila mmoja alikumbuka neno alilolisikia siku zile.

Fundisho la pili: kusamehe ni kazi ya mtu mmoja, bali kupatana ni kazi ya wawili, na kupatana hupita katika kweli. Mtu aweza kusamehe peke yake kitandani usiku, hata kama aliyemkosa amekwisha kufa. Lakini kupatana hakuwezekani bila mwenziwe. Watu wengi, wakitaka kupatanisha haraka, husema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Ni methali nzuri kwa mambo madogo. Yusufu hakuitumia. Aliwajaribu kaka zake: akamfunga Simeoni, akataka aletwe Benyamini, kisha akaagiza kikombe chake cha fedha kitiwe katika gunia la Benyamini ili aonekane mwizi. Alitaka kujua kama wangemwacha mdogo wao utumwani kama walivyomwacha yeye. Ndipo Yuda akasimama. Yuda huyu ndiye aliyetoa shauri la kumwuza Yusufu; sasa yeye ndiye aliyeomba awe mtumwa badala ya Benyamini, ili mtoto arudi kwa baba yake. Yusufu hakuweza kujizuia tena, akajitambulisha. Ilikuwa imepita miaka 22 hivi tangu siku aliyouzwa.

Kwa hiyo alama ya toba ni mtu kufikishwa mahali pale pale alipokosa na kutenda tofauti, hata kwa hasara yake. Sisi Warundi twajua bei ya udugu wa namna hiyo. Tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, upande wa Bururi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge kwa kabila, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa kutengana. Arobaini waliuawa. Walikuwa vijana wa shule kama ninyi, wala hawakuwa wa tumbo moja, lakini walikataa kuokoa nafsi zao kwa kumwacha mwenzao. Nilipofikiri habari yao niliona haya, maana sisi wa damu moja tulikuwa tumeshindwa na ua wa minyaa.

Fundisho la tatu: aliyekosa asiende mikono mitupu, wala asidhani kwamba kupatana ni lazima kukaa nyumba moja. Hili tulilipata kwa Yakobo na Esau. Yakobo alimdanganya baba yao akachukua baraka ya kaka yake, akakimbia, akakaa ugenini miaka 20. Aliporudi alitanguliza mbele yake zawadi ya mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda, zaidi ya wanyama 500. Kisha akainama mpaka nchi mara saba. Esau akamkimbilia, akamkumbatia, wote wawili wakalia. Lakini Esau alipomwomba wafuatane, Yakobo hakufuatana naye. Kila mmoja alikwenda kwake. Mzee mmoja katika kikundi chetu alisema huo si unafiki. Kuna ndugu ambao amani yao yahitaji nafasi katikati. Hata hivyo baba yao Isaka alipokufa, Esau na Yakobo walimzika pamoja, kama vile zamani Isaka na Ismaeli walivyomzika Ibrahimu. Neno hilo lilinichoma. Baba yangu alikuwa amepita miaka 70. Nilijiuliza ni nani atakayesimama kaburini pake.

Fundisho la nne ndilo lililoninyanyua kitini. Katika Injili ya Mathayo, sura ya tano, Yesu afundisha kwamba mtu akileta sadaka madhabahuni, na hapo akakumbuka, aiache kwanza akapatane na nduguye. Mimi siku zote nilidhani yasemwa: ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako. Sivyo. Yasemwa: ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako. Nilikuwa na hesabu ndefu ya makosa ya baba mdogo. Hesabu yake juu yetu sikuwahi kuiuliza.

Basi, mwezi wa Juni 2024 nikapanda mlimani siku ya Jumamosi, nimechukua sukari na sabuni. Baba mdogo alizipokea, akanishukuru, asinikaribishe ndani. Mara ya pili alinipa kiti uani. Mara ya tatu nikamwuliza, "Baba mdogo, sisi tulikukosea nini?" Alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akasema, "Mwanangu, mwaka ule nilikuwa na miaka saba. Kila jioni nilikaa njiani nikimngoja kaka. Mama alikufa nikiwa na miaka 11, nikamzika mimi na majirani wawili. Kwa miaka 36 kaka hakuleta hata neno moja. Alipokuja, alikuja na neno la shamba."

Wasomaji, nilikuwa nimeisikia habari ya nyumba yetu tangu utotoni, na jambo hilo sikuwahi kuambiwa. Kwetu sisi baba mdogo alikuwa mtu aliyechukua shamba. Kwake yeye baba alikuwa mtu asiyerudi.

Nikamwuliza baba kwa nini hakuandika. Alijibu kwamba miaka ya kwanza aliogopa barua ingewaletea hatari walio nyumbani. Na miaka ilipokuwa mingi, aliona haya. Nikamwambia habari ya njiani na ya kaburi. Hakusema neno. Lakini Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alichukua fimbo yake akazunguka ua, akaenda uani kwa mdogo wake. Shamba hakulitaja. Alisema, "Mama ulimzika peke yako. Hilo ni deni langu, wala siwezi kulilipa." Baba mdogo akaingia ndani, akakaa huko hata tukadhani hatatoka. Alipotoka alikuwa amevaa koti, akasema, "Twende nikuonyeshe alipolala." Wakaenda wawili tu, nasi tukabaki.

Je, yote yamekwisha? Hapana, na hapa lipo fundisho la tano: kupatana hurudiwa. Yakobo aliishi Misri miaka 17, na alipokufa tu, kaka zake Yusufu wakaingiwa na hofu kwamba sasa atalipa kisasi. Baada ya miaka yote ile ya kulishwa naye, walikuwa bado hawajaamini. Yusufu akalia tena, akawatuliza tena. Nasi pia, miezi michache baada ya siku ile, kijana wa baba mdogo alipanda mihogo karibu mno na mpaka, na ugomvi ukataka kuwaka upya. Safari hii wazee wawili waliitana wenyewe, wakapima kwa hatua, wakacheka. Ua wa minyaa ungali pale, lakini umekatwa upenyo wa mtu mmoja kupita, na baba hupita hapo kwenda kusalimu.

Ninyi mlio shuleni, pengine ugomvi wa kwenu si wenu. Mmeupokea kwa wakubwa pamoja na jina la ukoo. Hamwezi kuwalazimisha wazee kupatana. Lakini mwaweza kuuliza kwa heshima yale ambayo upande wa pili unayakumbuka, nanyi wanafunzi wa zamani mwaweza kufunga safari ya nyumbani kabla haijawa safari ya mazishi. Mimi nilichelewa miaka 15, na nilibahatika kumkuta baba hai.

Ni mimi, mwanafunzi wa zamani, Kinanira, Bujumbura.