Bei tatu kwa kitanda kimoja cha masaji



Wengi wetu tuko na diploma mkononi na kazi haiko. Basi tunaanza ka-biashara kadogo, na kosa la kwanza ni lile lile: tunaangalia bei ya jirani, tunapunguza dola moja, tunabandika mlangoni. Mimi pia nilifanya vile, tena kwa feza za yaya yangu.

Yaya alijifunza masaji, akafungua chumba cha vitanda viwili hapa Bukavu, yeye na mfanyakazi mmoja. Mimi mwenye lisansi ya agronomia nikapewa kazi ya kushika daftari. Nikaweka bei moja tu: dola 5 kwa saa nzima. Watu wakaja kweli. Mwezi wa kwanza tulipata wateja 100, tukafurahi sana.

Mwisho wa mwezi tukahesabu. Ziliingia dola 500. Nyumba ilikula 150, mfanyakazi 130, maji, umeme, sabuni na mazuti ya jenereta 90, mafuta ya kukandia na kufua shuka 100, yaani dola 1 kwa kila mteja. Yaya alipaswa kujilipa 150. Alibakiwa na 30. Vidole vyake vilikuwa vimevimba. Akaniuliza: "Kadogo, miye nilikuwa nafanyia nani kazi?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililikuta katika kozi yetu ya mbolea. Mnakumbuka sheria ya Liebig: mmea hukua kwa kadiri ya chakula kile kilichopungua kuliko vingine. Kama fosforasi ndiyo inakosekana shambani, ongeza azoti yote unayotaka, mavuno hayapande. Nikajiuliza: kwetu ni kitu gani kinakwisha kwanza? Si mafuta, si vitanda. Ni masaa ya mikono. Mtu akipita masaa 5 kwa siku anaweza kujiumiza. Watu 2, masaa 5, siku 26: ni masaa 260. Tuseme nusu yake tu ndiyo inapata mteja: 130. Gharama za kila mwezi, na mshahara wa yaya ndani yake, ni dola 520. Gawanya: saa moja ya mikono inatugharimu dola 4, mbali na mafuta na kufua.

Halafu kuna mtego. Masaji ya dakika 60 haichukui dakika 60. Mteja anavua, anavaa, unabadilisha shuka, unapangusa kitanda: dakika 15 zingine. Dakika 75 ni dola 5, ongeza ile 1 ya mafuta na kufua, ni 6. Sisi tulikuwa tunauza 5! Kila mteja alikuwa anaenda na dola yetu moja.

Njo tukagawa huduma kwa ngazi tatu, kama vile mama wa soko la Kadutu anapanga nyanya zake kwa mafungu: kila mtu anaona anachonunua.

1. Ndogo: mgongo, shingo na mabega, dakika 30. Inatugharimu 4, tunauza 6.
2. Kamili: mwili mzima, dakika 60. Inatugharimu 6, tunauza 10.
3. Ndefu: dakika 90, miguu katika maji ya moto na chai. Inatugharimu 9, tunauza 15.

Angalieni ile ya tatu. Mimi nilitaka kuiweka 12, "juu ya kuvuta watu". Kwa 12 faida ni dola 3 kwa karibu masaa mawili ya mikono. Ile ndogo inaleta dola 2 kwa dakika 45. Maana yake, huduma yetu kubwa ingekuwa ndiyo inayotulipa kidogo kuliko zote. Msilinganishe faida kwa mteja, linganisheni faida kwa saa. Ngazi ya juu ikilipa kidogo kuliko ya chini, mumepanga vibaya.

Tofauti ya ngazi iwe katika muda na vitu vinavyoonekana, kamwe si katika usafi wala heshima. Shuka safi ni ya wote. Mwanafunzi wa dola 6 leo, kesho akipata kazi atarudi kwa ile ya 15, kama hamukumuzarau.

Saa bila mteja nayo ni kama nyanya iliyoiva: haingoji kesho. Kwa hiyo asubuhi ya Jumanne hadi Alhamisi, ile kamili tunaiuza 8. Jumamosi hatupunguzi hata kwa jamaa.

Na bandikeni bei ukutani: sehemu ya mwili, dakika, dola, na taux ya siku kwa anayelipa franka. Munajua namna watu wanafikiria neno "masaji". Bei ya kuongelea pembeni inafungua mlango wa maombi mabaya. Siku hizi mtu akianza na "tusikilizane", yaya anamuonyesha ukuta.

Je, tulipoteza watu? Ndiyo. Mwezi uliofuata walikuja 82, na wengine walitutukana: "Dola 6 kwa nusu saa!" Siku hizo niliogopa. Lakini ziliingia dola 760: ndogo 30, kamili 40, ndefu 12. Zilizotumika kwa mafuta, kufua na chai ni 94. Tulilipa kila kitu, yaya akapokea 150 zake, zikabaki 146. Na vidole vyake vikapumua.

Saloni ya nywele, sekretaria ya fotokopi, kozi za jioni, popote unapouza muda wa mtu, hesabu ni ile ile. Kabla ya kuandika bei, tafuta kwanza kile kinachokwisha, na jina la mwenye kufanya kazi liwe ndani ya gharama. Bei isiyomlipa yeye haiko rahisi. Ni yeye ndiye anailipa.