Ukinzani na Ustahimilivu Katika Vijitabu vya Kilimo

Mara nyingi mfasiri wa vijitabu vya kilimo hushawishika kuandika "ukinzani" na "ustahimilivu" kana kwamba ni neno moja. Mmea wenye ukinzani huzuia kiini cha ugonjwa kisizaliane ndani yake. Mmea stahimilivu huambukizwa, lakini huendelea kuzaa. Mkulima aambiwaye kwamba mmea stahimilivu "hauugui" atakata vipandikizi vyake na kuwagawia jirani, na ugonjwa utasafiri navyo.

Tofauti hii si ngeni Amani, mkoani Tanga. Katika kituo cha utafiti kilichoanzishwa huko na Wajerumani mwaka 1902, H. H. Storey alieleza mwaka 1936 ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo. Baadaye yeye na R. F. W. Nichols walichanganya muhogo na mpira wa Ceara ili wapate mbegu za kuhimili ugonjwa huo na batobato. Kipimo chao kikuu kilikuwa macho, na subira ya miaka.

Siku hizi huchunguzwa pia kemia ya jani. Tuchukue michungwa, ambayo kwayo Muheza, chini ya milima ya Amani, inajulikana sana. Uko ugonjwa unaoliacha chungwa dogo, kijani na chungu, nao hauna dawa ya kuuponya. Bakteria zake huenezwa na vidudu vinavyofyonza utomvu wa majani. Mtafiti huchuma majani ya aina mbalimbali za michungwa, hutoa kemikali zilizomo, huzipima kwa mashine, kisha huuliza: mti unaostahimili una nini kingi kuliko mti dhaifu? Huko Florida, majani ya chenza chotara liitwalo Sugar Belle yalionekana kuwa na timoli, kemikali inayodhuru bakteria. Hiyo ni dalili tu. Humsaidia mtafiti kuchagua miche ya kujaribiwa shambani.

Kemikali hizo tuziiteje? "Mazao ya umetaboli" hayafai, kwani yakikaa karibu na "mazao ya machungwa" msomaji atapotea. Twapendelea "metaboliti". Ama kazi yenyewe, neno "wasifu" laweza kumjia mfasiri upesi, lakini wasifu ni wa mtu aombaye kazi. Twapendekeza "upimaji linganishi wa metaboliti": ni refu, lakini mwalimu aweza kulifafanua darasani bila kamusi. Neno "kinga" tungependa liachiwe binadamu na wanyama.