Kunguru na Bunduki ya Upepo



Tangu msimu huu uanze nimeulizwa mara nyingi habari ya bunduki ya upepo: je, yafaa kuondolea kunguru shambani, na mtu akishaipata aitumieje? Jibu langu fupi ni hili. Yafaa kwa kunguru mmoja au wawili waliozoea banda lako la kuku. Kwa kundi haifai. Na siku za kuchuma karafuu isitoke ndani ya nyumba. Lakini jibu fupi halimtoshi mtu aliyeamka na vifaranga kumi na wawili akalala na watatu, basi yanipasa kueleza.

Kwanza tumjue tunayemzungumza. Ni yule kunguru mwembamba, mweusi, mwenye shingo ya kijivu, asiyemwonea mtu haya. Si yule mkubwa mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe, ambaye ni mwenyeji wetu wa asili na ambaye huyu mgeni amemsukuma pembeni. Huyu wa kijivu aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka za mjini. Taka alizila kweli, lakini hakuishia hapo. Ilipofika mwaka 1917 serikali ya wakati ule ilikwisha kumhesabu kuwa ndege mharibifu. Mwaka 1947 akaonekana Mombasa, na leo yuko pwani nzima. Katika miaka ya 1990 ilifanywa kazi kubwa hapa kisiwani ya kuwapunguza, kwa mitego, kwa kuharibu viota na kwa sumu maalumu iliyosimamiwa na wataalamu, wakapungua sana. Kazi ikalegea, nao wakarejea.

Karafuu yenyewe kunguru haili. Nalisema hili kwa sababu wako wanaomsingizia kila tawi lililovunjika na kila karafuu iliyopukutika. Hasara yake iko kwengine: mayai, vifaranga, mapapai, maembe, mahindi machanga. Tena huvunja viota vya ndege wadogo, akala mayai na makinda yao, na wengi katika ndege hao ndio wanaotulia wadudu. Sote twajua karafuu haizai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa mavuno haba, kuku wa mama watoto ndio daftari za shule na ndio dawa ya homa. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kuku si jambo la chama cha karafuu.

Sasa bunduki yenyewe. Haina baruti. Ndani yake mna springi unayoikaza kwa kuvunja mtutu au kwa kuvuta mkono wake, na ukifyatua, ile springi husukuma upepo na upepo husukuma kirisasi. Ziko za namna nyingine zinazojazwa upepo kwa pampu, lakini ni ghali. Virisasi vilivyoenea ni vya upana wa milimita 4.5 na milimita 5.5. Kile chembamba huenda kwa kasi zaidi na kwa mstari ulionyooka. Kile kinene hupiga kwa uzito, na kwa ndege wa kadiri ya kunguru mimi nakipenda zaidi. Usiifyatue tupu bila ya kirisasi, maana huharibu mpira wa ndani, wala usiiache imekazwa ukaenda kula. Usiibane kwa nguvu kama uliyeshika jembe. Bunduki ya springi hutaka kushikwa kwa ulaini, ama sivyo itaruka na shabaha itakwenda kando.

Kabla ya kumlenga kiumbe, lenga karatasi. Iweke hatua 25, ukae, uegemeze mkono, upige mara kumi. Kama matundu yote kumi hayakuingia katika duara la mdomo wa kikombe cha kahawa, hujawa tayari, rudi kesho. Hizo hatua 25, au 30 kwa mwenye mkono mzuri, ndio mwisho wa kazi yake. Kupita hapo kirisasi huanguka chini na nguvu hupungua, na kunguru huruka na jeraha akaenda kufa kwa siku tatu juu ya mwembe wa jirani. Chuoni tulifundishwa kwamba kunguru ni katika wale watano walioruhusiwa kuuawa hata katika eneo takatifu la Makka. Lakini tulifundishwa pia kwamba ukiua uue vizuri, na somo hili la pili ndilo tunalolisahau. Piga kichwani, au kifuani akikuelekea. Kama huoni wazi, wacha aende.

Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na kwa hakika huyu bwana ana akili. Ukimpiga mwenziwe mbele ya macho yao, hukujua wewe, huijua kanzu yako na huijua bunduki. Siku ya pili ukitoka na ufagio tu watakuhama. Kwa hivyo anayetaka kumpata yule mwizi wa bandani na akae ndani kabla ya alfajiri kupambazuka vizuri, atoe mtutu katika tundu la ukuta, apige mara moja, kisha asitoke mpaka waliobaki wakimaliza makelele yao. Huyo mmoja ukimtundika karibu na banda, wenziwe watalikwepa kwa siku chache. Faida ya bunduki ni hiyo tu. Mtu anayekwenda kuwapiga jioni mtini wanakolala mamia hupunguza watano na kuwahamishia mia mbili kwa jirani.

Nije kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Kirisasi kikipigwa juu hakikomi kwenye jani. Kikimkosa ndege huweza kwenda mamia ya hatua, na hujui kitatua wapi. Miaka sita iliyopita, katika msimu, niliazima bunduki ya upepo nikamwona kunguru juu ya mkarafuu mpakani. Wachumaji walikuwa upande wa pili, nami nikajidanganya kwamba wameshateremka kwenda kula. Nilifyatua. Kunguru akaruka mzima, na mtu akalia juu ya mti. Kirisasi kilimwingia katika paja. Alikuwa amejifunga kamba kwenye tawi, na ndiyo iliyomwokoa, kwani alipoteza mshiko wa mikono yote miwili. Kirisasi kilitolewa hospitali. Nilimlipa pishi zake za siku zote alizokaa kitako, nikaenda kwao kumwomba radhi mbele ya wazee wake, nao wakanisamehe. Lakini kingepanda shibiri chache tu kingekuwa tumboni, na kwa macho ingekuwa habari nyingine. Watoto wanaookota karafuu chini ya miti nao huwaoni mpaka wakusalimie.

Tangu siku ile sifyatui ila nione nyuma ya ndege kuna udongo, ukuta wa mawe au shina nene. Yaani napiga kuelekea chini, ndege akiwa ardhini au juu ya banda nami nikiwa mahali pa juu zaidi. Kunguru aliye kileleni, nyuma yake mbingu tupu, huyo si wangu. Na watoto wasiachiwe bunduki hii hata kwa dakika moja. Wako wanaoiita mchezo kwa sababu haina baruti. Jicho halijui tofauti.

Pia, kabla ya kununua, fika kituo cha polisi uulize habari ya leseni, wala usitosheke na maneno ya muuzaji. Na uulize kwa mabwana misitu ni ndege gani walio chini ya hifadhi. Ninga, bundi, mwewe, chozi na wadogo wengine waacheni. Bundi mmoja hutuondolea panya wengi kuliko paka wa nyumbani aliyeshiba. Ama wale wanaopiga tetere kwa kitoweo, ndege akishakufa kabla ya kisu kumfikia, uhalali wake wamuulize shekhe, mimi si mufti.

Njia inayopunguza kunguru kwa hakika ni viota. Kunguru hutaga mayai matatu hadi matano, ya rangi ya kijani-buluu yenye madoa, na huyaatamia kiasi cha siku 17. Ukiwaona wanapita na vijiti na vipande vya waya midomoni, wafuate kwa macho. Kiota kiangushwe mayai yakiwa ndani, kisha tazama tena baada ya wiki mbili, maana hujenga upya. Utumbo wa samaki na makombo yafukiwe, na vifaranga viwe chini ya wavu mpaka vipate mwezi na nusu. Sumu msitie kabisa. Mbwa wa jirani na kuku wako mwenyewe watatangulia kufa.

Mtego nao ni mzuri: kizimba cha waya cha kimo cha mtu, juu yake katikati pamelazwa ngazi. Ndani hutiwa utumbo, maji, na kunguru mmoja hai wa kuwaita wenziwe, naye apate kivuli. Huingia kwa kufunga mbawa baina ya vipandio, na wakitaka kutoka lazima wazikunjue, basi hawapiti. Ndege mwengine akiingia afunguliwe siku hiyo hiyo. Mtego mmoja huwatosha majirani wanne au watano wakichangia waya na mbao. Mimi na majirani zangu tumeujenga wetu, na anayetaka kuupima aje Jumamosi yoyote baada ya sala ya alasiri, akija na futi yake na kalamu.

Katibu