Fizible ya shaba

Mbele ya kuendelea kusoma, simama kidogo uende kuangalia kisanduku cha fizible cha nyumba yenu, ao cha atelye unamotumika. Usiguse kitu, angalia kwa macho tu. Kama mahali pa fizible unaona kipande cha waya ya shaba kilichokunjwa kwa pense, habari hii ni yako. Kama hukioni, soma vilevile: pengine jirani anacho.

Mutu mumoja wa parokia yetu, fundi wa mbao anayejulikana sana, alipata komande ya viti 40 vya kanisa. Kazi ilikuwa nyingi, siku zilikuwa chache. Kila mara mashini ya kukata na mashini ya randa zilipotumika pamoja, fizible iliungua. Waliibadilisha, ikaungua tena. Ya tatu ilipoungua, duka lilikuwa limekwisha kufungwa. Ndipo kijana mumoja anayejifunza kazi pale, kijana wa akili, alikata kipande cha waya na kukitia mahali pa fizible. Mashini zote mbili zikaunguruma pamoja.

«Patro, nimetia shaba. Haitazima tena!»

«Aksanti, mutoto wangu. Wewe njo fundi sasa.»

Na kweli haikuzima tena. Wiki tatu zikapita, watu wakasifu. Siku moja umeme ukakatika (delestaji, tumeizoea wote), ubao ukiwa katikati ya randa. Watumishi walingoja mpaka mangaribi, kisha wakarudi nyumbani. Hakuna aliyekumbuka kuzima mashini. Umeme ulirudi usiku, saa saba. Randa ilitaka kuzunguka, ubao ukaizuia. Sasa, mota iliyokwama hailale usingizi: inaweza kuvuta umeme mara tano ao sita kuliko siku zote. Fizible ya kweli ingekatika palepale. Shaba haikukatika. Waya iliyopita nyuma ya mbao za ukuta ikapata moto, plastiki yake ikayeyuka, na chini yake palikuwa unga wa mbao wa wiki nzima. Kando yake, kole na verni.

Zamu aliyelala ndani aliamushwa na moshi. Alitoka muzima, lakini alirudi kuvuta viti, akaungua mikono yote miwili. Majirani wakaja na ndoo za maji, wakaanza kumwanga. Ni muzee mumoja wa pensheni, aliyetumika miaka mingi kwenye umeme wa kampuni, aliyepiga kelele: «Acheni maji! Kateni umeme kwanza!» Walikuwa wanamwanga maji juu ya waya zenye umeme, na maji hayo yaliweza kuwaua wao wenyewe. Umeme ulipokatwa, maji yakafanya kazi yake. Viti tisa tu viliokoka.

Asubuhi muzee alichokoa ndani ya majivu, akatoa kile kipande cha shaba. Kilikuwa cheusi, lakini kizima kabisa. Nyumba imeungua, chenyewe kizima. Akakiweka mukononi mwa kijana, bila neno. Patro alikuwa pale. Tulifikiri atamugombeza kijana. Alisema tu: «Ni mimi nilimuambia aksanti.»

Tunaochimba shaba tunapashwa kuielewa vizuri. Kati ya metali zote, ni feza tu inayopitisha umeme vizuri kuipita. Ndiyo sababu dunia inatutafuta. Lakini shaba haiyeyuki mbele ya digri 1085. Risasi inayeyuka kwa digri 327. Fizible za kwanza zilitengenezwa kwa metali nyepesi kuyeyuka kama risasi, na mpaka leo wazee wanasema «plo imeruka», maana yake risasi imekatika. Fizible inafanywa zaifu kwa makusudi. Katika muji wa waya ndefu, yenyewe njo mahali pamoja palipochaguliwa pa kukatika, ndani ya porselene na muchanga, ili moto usitoke inje.

Hesabu yenyewe si ngumu. Waya ya milimita mraba 1,5 inalindwa na fizible ya amperi 10. Waya ya 2,5 na fizible ya amperi 16. Sasa tia waya ya shaba yenye unene wa milimita moja: haitayeyuka mpaka karibu amperi 80! Na joto halipandi sawasawa na umeme. Umeme ukiwa mara 2, joto ni mara 4. Ukiwa mara 4, joto ni mara 16. Basi kabla ile shaba haijasikia kitu, waya ya ukutani imekwisha kuwa jiko.

Vijana wengine wanafikiri fizible nzuri inawalinda wao pia wasipigwe na umeme. Hapana. Umeme wa miliamperi 30 kupita katika mwili umekwisha kuwa hatari ya kufa. Ampule ndogo ya wati 60 inatumia karibu miliamperi 270. Fizible ya amperi 10 haikuone hata kidogo! Kinacholinda mutu ni ile dijonktere ya diferansieli ya miliamperi 30, na wengi wetu hatuna. Kwa hiyo unakata umeme wote mbele ya kufungua kisanduku, hata kama ni kazi ya dakika moja. Na ukikuta mwenzako ameshikwa na umeme, usimuguse: kata umeme, ao musukume kwa muti mukavu, wewe ukisimama pakavu. Kama ni umeme mukubwa wa poto za inje, usikaribie kabisa.

Kuhusu mikono ya zamu: mama mumoja alileta mafuta ya kupikia, mwingine dawa ya meno. Walimupenda, lakini vyote viwili ni vibaya. Mutu aliyeungua anahitaji maji safi ya baridi, dakika 20, kisha kitambaa safi na hospitali.

Mimi vilevile, jioni ile nilifungua kisanduku chetu cha nyumba. Sitaandika nilichokuta, kwa sababu muke wangu anasoma gazeti hili. Kesho yake nilinunua fizible, na bei yake haikufikia bei ya ubao mumoja.

Atelye imejengwa tena, ndogo kuliko ile ya kwanza. Kijana yule angali pale. Karibu na kisanduku amepigilia musumari, na kwenye musumari kimetundikwa kile kipande cheusi cha shaba. Chini yake kuna mukebe wa maziwa wenye fizible za 10 upande mumoja, za 16 upande mwingine. Jioni, umeme uwepo usiwepo, anapita kuzima mashini moja moja mbele ya kufunga mulango. Fizible ikiungua, anauliza kwanza: «Ni mashini gani imevuta?» Mashini mbili hazitumiki tena pamoja mpaka waya ya pili ipitishwe, na waya hiyo bado kununuliwa. Mwenye ubao wa randa anakaa juu ya kiti, anangojea.