Homa ya saa nane usiku: Ukiachiwa mtoto anayetibiwa saratani

SAA nane usiku, Soweto East. Mvua inapiga mabati, stima zimepotea, na mpwa wako wa miaka minne amelala kando yako. Unamgusa shingo. Moto! Mamake yuko kazini zamu ya usiku na hatoki hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye rafu kuna chupa ya Panadol ya maji, na kila mtu aliyelelewa mtaani anajua kazi yake. Unanyoosha mkono kuichukua.

Subiri kwanza.

Ikiwa mtoto huyo alipewa dawa za saratani siku chache zilizopita, hiyo chupa inaweza kukuponza. Itashusha joto, mtoto atalala, nawe utalala ukidhani mambo yametulia. Kumbe viini vinaendelea kuenea kwenye damu isiyo na askari wa kupigana navyo.

Pengine hukuomba kazi hii. Umemaliza shule, kibarua hakijapatikana, basi familia ikaamua: wewe ndiye utakayebaki na mtoto mathee akitafuta doo. Daktari alimweleza mamake, mamake akakueleza kwa haraka akivaa viatu. Makala haya ni yako wewe shangazi, mjomba, dada au kaka.

Kwa nini dawa inamuumiza?

Seli za saratani huzaliana kwa kasi, na dawa nyingi za kemo huwinda seli za aina hiyo. Shida ni kwamba mwili una seli nyingine zenye kasi: za nywele, za mdomo, za tumbo, na za uboho ndani ya mifupa, ambako damu hutengenezwa. Zote hupigwa pamoja. Ndiyo maana nywele zinadondoka, mdomo unapata vidonda, na chembe nyeupe za damu, zile zinazomkinga mtoto, zinapungua.

Kwa dawa nyingi, chembe hizo hushuka zaidi kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dawa. Weka alama kwenye kalenda. Hizo ndizo siku za kuwa macho.

Homa ni dharura

Nunua kipimajoto cha dijitali. Kiweke kwapani, kamwe usikiweke kwenye njia ya haja kubwa, maana mkwaruzo mdogo tu huko unaweza kuingiza viini. Ukiona nyuzijoto 38 au zaidi, au kiwango chochote mlichopewa na kliniki yenu, piga simu na uanze safari usiku huo huo. Usimpe Panadol kabla hajaonwa. Na kipimajoto kikisoma vizuri lakini mtoto anatetemeka, amelegea au anapumua kwa shida, nenda tu.

Hospitali Kuu ya Kenyatta haiko mbali na Kibera, lakini mchana si usiku. Kwa hivyo jipange mapema: namba ya mtu wa boda unayemwamini, nauli isiyoguswa hata unga ukiisha, simu yenye chaji, na mfuko wenye kadi ya matibabu. Ukifika mapokezi, usikae kwenye foleni kimyakimya. Sema: "Mtoto huyu yuko kwa kemo na ana homa." Watoto kama hawa wanafaa kuanzishiwa dawa ya viini ndani ya saa moja baada ya kufika.

Mdomo, tumbo na choo

Vidonda vya mdomo humfanya mtoto akatae hata chapati. Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, tia robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe kimoja, kisha asukutue mara kadhaa kwa siku na kutema. Kama hajui kutema, mpanguse taratibu kwa kitambaa safi. Mswaki uwe laini. Mpe uji uliopoa, parachichi, ndizi, viazi vilivyopondwa. Pilipili, machungwa na krisps zingoje.

Kutapika hakungojwi kuanze. Kama amepewa dawa ya kuzuia kutapika, mpe kwa saa zilizoandikwa, hata akionekana yuko sawa. Mlishe kidogo kidogo. Akitapika tembe ya saratani punde baada ya kuimeza, usirudie kwa kukisia. Piga simu uulize.

Kuna dawa iitwayo vinkristini, inayotokana na ua la Madagascar la rangi ya waridi ambalo huenda umeliona likipandwa mbele ya nyumba za watu. Hiyo hugusa neva. Mtoto anaweza kukosa choo siku kadhaa, kuumwa na taya, au kuanza kujikwaa akitembea. Maji mengi na matunda husaidia, lakini usimwekee maji wala dawa kwa nyuma. Akijikwaa, mwambie daktari, usimgombeze.

Doksorubisini nayo ni nyekundu, na mkojo unaweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Hilo ni la kawaida. Ila dawa nyingine, siklofosfamidi, inaweza kuumiza kibofu na kutoa damu yenyewe. Ndiyo sababu unapaswa kujua amepewa ipi. Piga picha ya kadi yake kila mkitoka kliniki.

Halafu kuna predinisoloni. Hii humfanya mtoto adai ugali saa saba usiku, anune, apige kelele, na mashavu yavimbe. Hajaharibika tabia. Ni dawa. Usiikatize ghafla kwa sababu umechoka na kelele, kwani kuiacha ghafla ni hatari.

Usafi wa ploti

Unaishi kwenye ploti yenye choo kimoja na maji ya kununua kwa mtungi. Kuambiwa "dumisha usafi" ni rahisi kwa aliye na bomba jikoni. Basi anza na machache: maji ya kunywa yachemke kabisa na yafunikwe, kila anayemgusa mtoto anawe kwa sabuni, kachumbari na matunda yaliyokatwa kando ya barabara yakome kwa sasa. Mtoto awe na poti yake. Kwa saa 48 baada ya kemo, mkojo, choo na matapishi yake huwa na mabaki ya dawa, kwa hivyo vaa glavu ukimwaga, na dada mjamzito asiguse.

Kukiwa na surua au tetekuwanga kwa jirani, ijulishe kliniki mara moja, hata kama mtoto hana dalili. Na jirani akileta mizizi ya kuchemsha kwa nia njema, shukuru, lakini usimpe mtoto kabla ya kumuuliza daktari. Baadhi ya dawa hizo hugongana na kemo.

Siku anapoonekana mzima

Huu ndio mtego mkubwa. Kwa saratani ya damu inayowapata sana watoto, matibabu huchukua miaka miwili hadi mitatu, na sehemu kubwa ni tembe za nyumbani. Nywele zimerudi, mtoto anacheza kati, pesa zimekwisha. Mtu anauliza, "Si amepona?" Hapo ndipo familia nyingi huacha, na ugonjwa hurudi ukiwa mkaidi zaidi.

Chunga pia ratiba. Merkaptopurini kwa kawaida humezwa kila siku, ilhali metotreksati ni mara moja kwa wiki. Ukizichanganya, unaweza kumuua mtoto. Ziweke kwenye mikebe tofauti na uandike siku kwa kalamu nzito.

Kama ni nauli au bili inayowakwamisha, semeni kliniki kabla ya kutoweka. Ulizieni ofisa wa huduma za jamii. Hakikisheni mmesajiliwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na muulize inalipia nini.

Inafaa kupigania. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona katika nchi tajiri, huku katika nchi nyingi maskini wakiwa chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 lilianzisha mpango wa kufikisha angalau asilimia 60 kote duniani ifikapo 2030. Sehemu ya pengo hilo huzibwa hospitalini. Sehemu nyingine huzibwa kwenye chumba chako cha mabati, na mtu aliyeamka kupima joto.

Nawe pia ni binadamu. Gawaneni zamu, hata kama ni binamu wa kukaa naye Jumapili ulale. Aliyechoka sana husahau dozi.

Kwa hivyo turudi kwa ile saa nane usiku. Irudishe chupa kwenye rafu. Pima. Ni 38.4. Mpigie mtu wa boda, mpigie mamake, mfunike mtoto, chukua mfuko. Na kama leo hakuna homa, andika namba ya kliniki ukutani kabla hujalala.